Bata wa Heshima na Ukuta wa Sawasawa

Hadithi hii ina mguu mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, ndiyo sababu inatembea ikichechemea. Mwenye haraka atangulie, sisi tutafika.

Palikuwa na bibi akiitwa Bi Mwatima, muuza bizari na iliki, mjane wa waume wawili. Mume wa tatu alikuwa hai, lakini uhai wenyewe wa kulalia tu. Alivyofika nchi ya Sawasawa tusimuulize, maana hata yeye kila akisimulia hupita njia nyingine. Alifika, yatosha, na mpakani akamkuta ofisa mwenye kofia kubwa kuliko kazi yake.

"Bi mkubwa," akaulizwa, "unaona rangi?"

"Kwa umri huu, mwanangu, nikiuona mlango nashukuru."

Ofisa akafurahi, akamgongea muhuri wa daraja la juu, akasema laiti wazawa wote wangekuwa na macho mema namna hiyo. Kisha akamkabidhi mifuko miwili ya kitambaa, akamwambia aivae mikononi na asiivue mbele za watu. Bi Mwatima akaivaa. Alishawahi kuvaa mambo ya kijinga zaidi, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa siku ya harusi yake.

Sasa, watu wa Sawasawa sura zao ni kama zetu, wapo wenye pua na wapo waliozidishiwa. Tofauti yao ni viganja. Wanaokaa Kilimani huzaliwa viganja vyao vya nili, na wanaokaa Bondeni huzaliwa viganja vya manjano. Rangi yenyewe haitoki kwa sabuni, ila kiganja kikitota mafuta au mchuzi huacha alama kila kinaposhika. Zamani wa nili waliwatumikisha wa manjano, kwa hoja kwamba nili ni rangi ya mbingu na manjano ni rangi ya mchuzi. Bi Mwatima alipoelezwa hayo aliuliza ni nani amewahi kushiba mbingu. 

Basi miaka ikaenda, aibu ikawashika. Wakakutana, wakalia, wakatunga Sheria ya Jicho Jema: kuanzia siku ile mtu asione kiganja cha mwenzake, asitaje rangi yoyote, na kila mkono utiwe mfukoni. Walipomaliza wakakumbatiana, wakaenda kulala. Kisima kilikuwa Kilimani, kikabaki Kilimani. Jaa la mji lilikuwa Bondeni, likabaki Bondeni. Mifuko ya mikono ya Kilimani ikashonwa kwa hariri, ya Bondeni ikashonwa kwa gunia. Mgeni akiuliza kwa nini, huambiwa kwa upole kwamba ni bahati.

Bi Mwatima alipata chumba Bondeni, kwa Vuai, fundi mpaka chokaa, na mkewe Mize, mwanamke mwenye mimba kubwa na ulimi mkubwa kuliko mimba. Vuai alikuwa mtu wa maneno machache. Kila alfajiri alipanda Kilimani na ndoo na brashi kwenda kufuta alama za mikono kwenye kuta, maana Kilimani wanakula vizuri na wanapenda kuegemea. Alama zote zilikuwa za nili, naye alizifuta kila siku ya Mungu, na hakuna siku aliyowahi kuziona. Ndivyo alivyofundishwa kusema.

Maisha yale yalimpa bibi kazi. Sokoni alitaka nyanya mbivu akashindwa namna ya kuagiza, mpaka Mize akamfundisha kwamba kuna nyanya iliyoamua na nyanya inayositasita. Mtu akikatwa na kisu akitoka damu, wenziwe humwambia umelowa. Na chakula! Mtu hawezi kula na mfuko mkononi. Walijaribu mwanzoni wakala nyuzi. Kwa hiyo Sheria iliruhusu mifuko ivuliwe wakati wa kula, kwa sharti kila mlaji atazame juu tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Ndiyo maana watu wa nchi ile wana shingo nzuri na kanzu chafu.

Wenyewe kwa wenyewe walikuwa na vyama viwili vinavyogombana mchana kutwa. Cha kwanza kiliitwa Fumba. Hawa waliona mifuko haitoshi, wakawa wanafumba na macho kila wanapokutana na mtu, ili wamtendee haki. Walikuwa waungwana sana na walikuwa na majeraha mengi ya magoti. Bwana harusi mmoja wa Fumba alikwenda nyumbani na shangazi wa bibi harusi, na mpaka leo wote wawili hawajalalamika. Kiongozi wao alikuwa hakimu mkubwa wa nchi, Bwana Ngwali, ambaye cheo chake huitwa Mizani Mkuu. Alisifiwa kote kwa uadilifu: tangu ashike kiti hajamtazama mtu yeyote.

Chama cha pili kiliitwa Fumbua. Hawa walisema uongo wa mifuko umetosha, rangi ionwe. Bi Mwatima akaona, afadhali hawa. Akaenda mkutanoni kwao, akakuta hawaoni kitu kingine. Kila mmoja alibeba kibao chenye rangi zilizopangwa kutoka nili hadi manjano, na akikutana nawe hukuvua mfuko akaweka kiganja chako kwenye kibao kabla hajakuuliza hali. Walikuwa na mzozo mrefu kama manjano ya ndimu yahesabiwe sawa na manjano ya bizari. Palikuwa na mtoto, mama wa Kilimani na baba wa Bondeni, kiganja kimoja hivi na kimoja vile. Alikuwa amekalishwa barazani mwa skuli, kamati bado haijaamua aandike kwa mkono upi. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Pandu, mtu wa Bondeni mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alimshika Bi Mwatima kiganja, akakipekua, akasema kwa huzuni kwamba hakimo kwenye kibao. Jina hakumuuliza, si siku ile wala baadaye. Mize alisema wala asione vibaya: amekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Pandu tangu utoto, na yeye Pandu humwita "manjano mwenzangu" kwa sababu jina halijui.

Ikaja siku ya Sikukuu ya Jicho Jema. Kila mwaka siku hiyo hupikwa pilau la nchi nzima katika uwanja wa jiko la serikali, na juu ya sinia kubwa huwekwa bata mmoja wa kupaka, mnono, aliyekorogewa nazi mpaka akasahau kwamba aliwahi kuogelea. Huyu huitwa Bata wa Heshima. Kwa sheria haliwi na mtu. Hutazamwa tu, tena kwa macho yaliyofumbwa, kisha huzikwa kwa adabu. Bi Mwatima alisikia hayo akajua nchi ina matatizo.

Asubuhi ya sikukuu, sinia likakutwa tupu. Mifupa ilikuwa chini ya meza. Ukutani, juu ya chokaa, palikuwa na alama ya mkono mzima, mbichi, ya mafuta, ya nili iliyoiva. Na mbele ya alama ile alisimama Vuai na ndoo yake, brashi imeinuliwa, ndiyo kwanza anataka kuifuta. Askari wakamkamata kabla brashi haijagusa ukuta.

Adhabu ya wizi Sawasawa si jela. Wao ni watu wapole. Mwizi haonwi. Hukumu ikishatolewa, nchi nzima humwacha kumwona: salamu yake haijibiwi, mlango wake hupakwa chokaa pamoja na ukuta, sahani yake hutolewa kabatini. Mkewe huandikwa mwanamke aliyeota kaolewa, na mtoto akizaliwa huandikwa wa upepo. Bi Mwatima tangu afike alikuwa akikutana njiani na wanaume waliokonda, wanaotembea pembeni kabisa mwa ukuta. Mmoja alimsalimia, "Hujambo, baba," na yule mtu akakaa chini akalia. Sasa ndipo alipoambiwa kwamba kila sikukuu bata huibwa, na kila sikukuu mpaka chokaa mmoja huacha kuonekana. Bahati tu, wakasema.

Mize alimjia chumbani, hakupiga yowe. Alikaa kitandani akashika tumbo.

"Mama yangu," akasema, "kesho nikimuwekea mume wangu chakula nitakuwa nimevunja sheria. Nikimuota, nimevunja sheria. Na wewe asubuhi umeuona ule mkono."

"Nimeuona."

"Mimi siruhusiwi kuuona. Yeye haruhusiwi. Hakuna wa kusema ila wewe."

"Mwanangu, mimi nauza bizari."

"Basi leo uza mdomo. Huo nao unao wa kutosha."

Bi Mwatima akainuka. Akavaa viatu.

Kwa desturi yao kesi husikilizwa pale pale kosa lilipotendeka. Watu wakajaa uwanja wa jiko, Kilimani upande wa kivuli, Bondeni upande wa jua, kwa bahati. Bwana Ngwali akaketi na mahakimu wenziwe wawili, mikono yao imo katika hariri iliyotariziwa. Mshitakiwa akawekwa nyuma ya pazia ili asionwe, haki isipotoke. Pazia lilikuwa fupi, liliishia magotini, na chini yake zilionekana nyayo mbili zilizopasuka zenye matone ya chokaa. Mahakimu wakaulizana kwa sauti ni nani anaweza kuwa nyuma yake. Wakakubaliana kwamba hawajui.

Askari akaulizwa alimtambuaje mwizi. Akasema alipewa maelezo kwamba anatafutwa mtu mwenye mikono miwili, akaenda kutafuta, akamkuta huyu, na kweli anayo. Mize akasimama na tumbo lake akauliza kwani Kilimani watu wana mikono mingapi. Askari akajibu kwamba doria yake huanzia Bondeni na kwa kawaida hapati haja ya kwenda mbele.

Ndipo Bwana Ngwali, akiwa amefumba macho, akaamuru kwamba ukuta nyuma yake upakwe chokaa kwanza, kwa ajili ya usafi wa mahakama.  Kila mtu alijua ukuta ukishapakwa, Vuai amekwisha.

Pandu wa Fumbua akaruka juu ya kinu akasema ukuta hauguswi, na mkono ule ni wa nili, wa nili, wa nili, akalitaja neno mara nyingi mpaka wazee wa Fumba wakaziba masikio ya wake zao. Akasema kwa kuwa ni wa nili, basi mwizi ni Kilimani, na ipigwe kura Kilimani nzima, watu kumi wa kura wasionwe, iwe sawasawa. Kilimani wakaguna. Kijana mmoja wa Kilimani akauliza kama yeye aliyelala na homa wiki nzima naye ataingia kwenye kura. Pandu akamwambia avue mfuko, akatazama kiganja, akamwambia ataingia.

Msemaji wa Fumba akajibu kwamba hii ndiyo hatari ya kuona. Mtu akianza kuona alama ukutani, kesho ataona kisima kiko wapi, na keshokutwa ataona jaa. Alipiga makofi kwa maneno yake mwenyewe, na kwa sababu ya mifuko makofi hayakusikika.

Wakazozana mpaka pilau likaanza kushika chini. Mwisho wakakumbuka desturi ya zamani: panapokuwa na mgogoro, huulizwa jicho la mgeni, kwa kuwa mkono wake haumo kwenye hesabu yao. Bi Mwatima akasukumwa mbele.

"Mgeni," akasema Bwana Ngwali bila kufumbua, "je, unaona kitu ukutani?"

Bibi akatazama watu. Wa Fumba walikuwa wanamwomba kwa nyuso aseme haoni. Wa Fumbua walikuwa wanamwomba aseme rangi, basi, aishie hapo. Mize hakuwa anamwomba kitu, alikuwa anamtazama tu.

"Naona mkono," akasema. "Ni wa nili. Ila Bwana Mizani, nili haili bata. Anayekula bata ni mtu. Ngojeni nisogee, macho yangu ni ya karibu."

Akasogea, na njiani akachukua mwiko wa kupakulia, maana mkono wa bibi mzee haukai mtupu. Akaugonga ukuta pembeni mwa ile alama, ko, ko, kama anayegonga nazi. Mwanamke yeyote aliyewahi kuwa na jiko anajua kwamba chokaa haishiki juu ya mafuta. Ukuta ule ulikuwa umepakwa kila mwaka juu ya mafuta ya mwaka uliopita. Ukapasuka, ukafura, ukaachia. Bamba zima la chokaa likaanguka miguuni pa mahakimu, na nyuma yake palikuwa na mkono mwingine. Akagonga tena. Mwingine. Mikono juu ya mikono, sikukuu juu ya sikukuu, yote ya mafuta ya bata, na karibu yote ilikuwa ya watu wale wale. Mmoja mpana, kidole cha shahada kimepinda kama ndoana kwa kuwasonta watu. Mmoja mwembamba mrefu kama uma, na mwingine mdogo mnono kama andazi. Mmoja wa mviringo, wenye kidole gumba kifupi kama kitumbua. Huu wa kidole gumba kifupi ulikuwapo miaka ya juu juu tu, ya karibuni, na ulikuwa wa manjano.

Hapo Fumbua wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu chama kiundwe.

Bwana Ngwali alisikia kishindo cha chokaa, na kwa kuwa alikuwa amefumba, alidhani wameanza kupaka. Akaona heri amalize. Akasimama akasoma hukumu kama ilivyoandikwa na wazee, ambayo kwa usawa haitaji mtu wala haielezi alivyo:

"Mkono ulioila nyama ya Bata wa Heshima, mwenye mkono huo, nasi tumekwisha kumjua, chakula hiki kikiisha, asionwe na yeyote, milele."

Umati wote ukaitikia kwamba imesikika. Hukumu ikiitikiwa Sawasawa haifutiki, hata na aliyeitoa. Mize akaketi chini. Alidhani ndiyo basi.

Bi Mwatima akamshika bega akamwambia, kwa sauti ya mtu asiye na haja yoyote duniani ila njaa, "Basi tule. Pilau halina chama."

Sinia zikaletwa. Watu wakavua mifuko, na kwa mazoea ya miaka wakainua nyuso juu. Mahakimu wakainua zaidi ya wote, kwa kuwa wao ndio kielelezo. Bwana Ngwali alikuwa mlaji hodari. Mkono wake ulitoka kwenye hariri, mpana, wa nili, kidole cha shahada kimepinda, ukaingia kwenye pilau kama mwenyeji. Pandu wa Fumbua, ambaye hadharani hula chakula chake peke yake kwa ajili ya msimamo, siku hiyo alikaa sinia la mahakimu bila kukaribishwa, kidole gumba chake kifupi kikazama kwenye pilau, na kila mtu angeweza kuona jinsi walivyompisha nafasi, kwamba mahali pale alishapazoea.

Kila mtu angeweza kuona, nasema. Lakini wote walikuwa wanatazama mbingu.

Bi Mwatima alikuwa anatazama mikono, kisha nyuso, kisha ukuta. Akamfinya Mize.  Kushusha macho wakati wa kula ni kosa ambalo hata mlevi wa Sawasawa halifanyi. Mize akashusha. Akamwona Mizani Mkuu amenyanyua uso kama mtu anayesali, na mkono wake unachagua nyama bila kukosea. Mize akamgusa jirani yake kwa kiwiko. Jirani akasita kama nyanya, kisha akaamua. Yule kijana wa Kilimani aliyekuwa na homa akashusha yake. Mama yake akamkanya, akashusha ili amkanye vizuri, naye akaona. Ikaenda hivyo kimyakimya, sinia hadi sinia, upande wa jua na upande wa kivuli, shingo zikishuka moja moja, watu wazima wakionana wanavyotafuna kwa mara ya kwanza. Wengine walishangaa zaidi kuona waume zao wanavyokula kuliko kuona wizi.

Na wale wanne sinia la mbele, mahakimu watatu na Pandu, waliendelea kula wakitazama mawingu, chini ya macho ya nchi nzima, nyuma yao ukuta umejaa mikono yao.

Bwana Ngwali alipomaliza alibeua, akavaa hariri yake, akashusha uso na kusema haya, tuendelee. Hakuna aliyejibu. Akatabasamu, akadhani wanaanza kutomwona Vuai. Akasema kwa sauti zaidi. Mwanamke mmoja akapita mbele yake akatoa sinia kana kwamba anaondoa kitu mezani pasipo mtu. Mize, miguu ikimuuma kwa mimba, akaona kiti cha Mizani Mkuu ki wazi, akageuka ili akae. Bwana Ngwali alikuwa bado amekikalia, ikambidi aruke. Akapiga kelele. Watu wa Sawasawa ni watii sana wa sheria. Wakamwambia askari mmoja mbona upepo leo una makelele.

Pandu akavua mfuko akainua kiganja juu, akapiga kelele, "Nioneni! Nioneni manjano!" Wenziwe wa Fumbua wakatoa vibao vyao, wakavipangusa, wakaendelea na mazungumzo yao.

Pazia likaanguka lenyewe, halikuwa limefungwa vizuri. Vuai akasimama pale akipepesa macho kwa jua. Na nyuma, kutoka pembeni mwa kuta, wakaanza kujitokeza wale waliokonda, wapaka chokaa wa miaka yote, wamesikia kuna ukuta umesema kwamba mikono iliyohukumiwa haikuwa yao. Walisimama mlangoni mwa uwanja bila kujua kama waingie. Mwanamke mmoja mtu mzima akainuka na sahani mkononi, akaenda moja kwa moja kwa mmoja wao, akamtazama uso kwa muda mrefu.

"Umezeeka," akamwambia.

"Na wewe," akajibiwa.

Ikatosha. Wakala sahani moja.

Jioni ile watu walicheza ngoma bila mifuko. Wa Fumba walianzisha kikao papo hapo kujadili kama kuona kulikotokea kulitokea kisheria. Kisima, mpaka naandika, bado kiko Kilimani, ila njia ya kwendea imepanuliwa kwa sababu watu wa Bondeni wameanza kuuliza, na "bahati" si jibu tena kama lilivyokuwa. Yule mtoto wa barazani alichukua kalamu mwenyewe, akaandika kwa mkono wa kushoto. Kumbe ni wa shoto tu.

Bi Mwatima alikuwa amekaa karibu na maji ya kuoshea vyombo, anafunga bizari zake, alipotokea Bwana Ngwali. Kilemba kimelegea. Alikuwa amezunguka uwanja mzima akisalimia.

"Bi mkubwa," akasema taratibu, "wewe mgeni, sheria haikushiki. Unaniona?"

"Nakuona, baba. Hata mchuzi kidevuni nauona."

Akajifuta haraka. Macho yake yalikuwa mekundu, na sasa naruhusiwa kusema hivyo.

"Hawanioni. Mke wangu amepita akaniambia... hakuniambia kitu. Amepita."

"Ndiyo adhabu yako hiyo. Ulikuwa unaigawa bure."

"Sikujua inauma namna hii."

"Ulifumba."

 Bwana Ngwali akauliza, kama mtoto, afanye nini.

"Mimi nauza bizari, si hakimu," akasema Bi Mwatima. "Lakini mkono wako nimeuona ukila. Nimeuona ukisonta. Kazi sijauona ukifanya. Sufuria zile pale."

Alizitazama. Zilikuwa sufuria za nchi nzima, zimeungua pilau chini kwa sababu ya mijadala. Akavua hariri, akaiweka juu ya jiwe, akapiga magoti, akaanza. Alikuwa hajui. Alisugua kama mtu anayembembeleza paka. Watu walipita wakichukua sufuria zilizokwisha, wakasema kumbe zimeoshwa, na hawakuuliza na nani.

Vuai akapita na ndoo yake, anarudi nyumbani na mkewe. Akasimama. Hukumu ilikuwa imeitikiwa naye pia, kutoka nyuma ya pazia, na anayemwona asiyeonwa naye huacha kuonwa. Mize akamvuta mkono, akamnong'oneza asijitie matatani, mchana huu tu wamepona. Vuai hakusogea. Alimtazama yule mzee mikononi, kisha usoni, kwa muda.

"Bwana Ngwali," akasema mwishowe, "sufuria huoshwa na nyuma pia."

Akachuchumaa, akamsogezea majivu.